Kesi ya Mbavu

Sijamsamehe yule mwanamume, na ninaandika haya nikiwa na akili zangu timamu. Watu wa umri wangu hapa Ifakara hupenda kusema ya zamani yamepita. Hayajapita. Bado anaishi mitaa michache kutoka kwangu. Amezeeka, anatembea na fimbo, anakohoa mpaka majirani wanamsikia. Kila nikimsikia nakumbuka kwamba kuna siku pumzi hiyo haikuwepo, nikairudisha mimi. Yeye akanipeleka mahakamani.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimeolewa Kibaoni, nina watoto wawili wadogo, nauza mchele sokoni. Mume wangu alikuwa fundi wa mashine ya kukoboa mpunga. Jioni alirudi na vumbi la pumba kichwani, utadhani ameota mvi mchana ule ule. Tuliishi na mama yake, Mpogoro wa Mahenge, mkali wa kusali na mkali wa kila kitu. Mimi nilikuwa nimesoma mpaka kidato cha nne, na kama wengi wa rika langu nilipitia Jeshi la Kujenga Taifa kabla ya kuolewa. Huko tulikimbizwa, tukalimishwa, tukatukanwa, na asubuhi moja afande wa kike akatukalisha kivulini atufundishe namna ya kumhudumia mtu aliyezama majini. Alijaza gunia pumba, akalichora uso kwa mkaa, akatuambia tulipulizie. Tulicheka sana. Kila aliyecheka alirushwa kichurachura mpaka magoti yakakataa. Nadhani ni ile adhabu iliyonifanya nisisahau somo.

Masika ile Mto Lumemo ulikuwa umejaa, maji ya rangi ya chai ya maziwa, yanapita kwa kishindo. Sisi wanawake tulikuwa tukifua mahali ukingo ulipoinama. Juu yetu kulikuwa na kidaraja cha magogo ambacho watu wa mashambani walikitumia kuvuka. Akaja mchoma mkaa mmoja, mtu tuliyemfahamu wote, mrefu, mwenye maneno mengi na utani wa kuudhi. Alikuwa akisukuma baiskeli yenye magunia ya mkaa yaliyofungwa kwa mipira. Katikati ya daraja gurudumu likateleza. Akaanguka upande wa chini, baiskeli ikamfuata na magunia yake, na mpira mmoja ukamnasa mguu.

Tulipiga kelele. Wanaume wawili waliokuwa wakioga upande wa juu walijitosa. Walizama, wakaibuka, wakazama tena. Mpaka walipoufungua ule mpira na kumvuta nje, alikuwa amelegea kama nguo tulizokuwa tukizisuuza. Walimshika miguu wakamning'iniza kichwa chini, maji yakamtoka mdomoni na puani. Wakamlaza kwenye matope. Hakupumua.

"Huyu ameshakwisha," mmoja akasema, akaanza kutafuta shati lake.

Mimi nilikuwa chini zaidi kuliko wenzangu. Nilipanda ukingo mbio, na nilipofika watu walikuwa wameshaziba njia. Nikapenya. Mke wake alikuwa amenitangulia, maana bustani yake ya mchicha ilikuwa pale pale karibu. Alikuwa amepiga magoti, ameshaanza kulia ule mlio ambao ukiusikia huulizi kuna nini. Mkononi alikuwa na kanga aliyoivua mabegani, anataka kumfunika mumewe uso.

Nilimsukuma. Sikumwambia samahani, sikumwambia dada nipishe. Nilimsukuma akaangukia mkono, nikakaa mahali pake. Nikamwinua yule mwanamume kidevu, nikamziba pua, nikaweka mdomo wangu juu ya mdomo wake, nikapuliza. Mdomo ulikuwa wa baridi na una ladha ya udongo. Nikapuliza tena, kisha nikapanga viganja kifuani, nikakandamiza kwa uzito wangu wote, kama tulivyofanya juu ya lile gunia.

Nyuma yangu nikawasikia.

"Anafanya nini huyu?"

"Anambusu!"

"Anaibusu maiti!"

Mwanamume mmoja alicheka. Mpaka leo sijui alikuwa nani, na ningemjua ningemwandika hapa kwa alama zake zote. Mwanamke mwingine akasema nivutwe, ninamchezea marehemu. Mkono wa mtu ukanishika blauzi, nikaurusha kwa kiwiko. Nikakandamiza, nikapuliza, nikakandamiza. Chini ya kiganja changu kitu kikalia ka! kama kijiti kikavu kinapovunjika. Nilijua ni ubavu. Afande alikuwa ametuambia: ukisikia ubavu, usiache, ubavu utaunga, maiti haiungi. Sikuacha.

Ndipo akatapika. Alinitapikia mimi, kifuani, maji na ugali. Akakohoa, akavuta pumzi kwa sauti mbaya, akafumbua macho.

Ungefikiri watu wangeshangilia. Walirudi nyuma. Duara lililokuwa limenibana likapanuka ghafla, nikabaki nimepiga magoti peke yangu na mtu anayekohoa. Mke wake alinyanyuka, akanitazama kwa macho makavu.

"Umemfanya nini mume wangu?" akauliza.

Walimpakia kwenye mkokoteni wakampeleka hospitali, na hakuna aliyeniuliza kama nami nahitaji hata maji ya kunawa. Nilinawa palepale mtoni. Ndoo yangu ilikuwa imeshaondoka na maji.

Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Mume wangu alikuwa amesimama uani, hajabadilisha nguo za kazini.

"Ni kweli?"

"Nini?"

"Usinifanye mjinga. Ni kweli umelala juu ya mwanaume mbele ya watu?"

"Alikuwa amezama. Alikuwa hapumui."

"Nakuuliza swali jingine unanijibu jingine. Mdomo wako ulikuwa kwenye mdomo wake?"

"Ulikuwepo."

Alitema mate. Hakunipiga; sikuwahi kupigwa naye, na nalisema hilo kwa haki yake. Alichukua mkeka akaenda kulala chumba cha mbele, na akaendelea kulala huko. Miaka ile ukimwi ulikuwa ukisemwa kwa kunong'ona, kila aliyekonda alipewa ugonjwa huo mdomoni mwa watu hata kama alikuwa na vidonda vya tumbo. Siku iliyofuata mume wangu aliniambia kwamba hatanigusa mpaka nipimwe, na kwamba kikombe changu kikae kando. Mama yake alikitenga mwenyewe. Alikiweka juu ya kabati, amekifunika sahani, akanitazama kuona kama nitasema neno.

"Shikamoo mama," nilimwambia kila asubuhi.

"Marahaba," alinijibu akiwa ameuelekeza uso ukutani. Heshima ilibaki, mapenzi yalikwisha.

Sokoni nako kulikuwa vivyo hivyo. Mnunuzi wa mchele lazima aingize mkono kwenye gunia, achote, anuse, atie punje mdomoni atafune. Kwangu walianza kuchota kwa bakuli. Halafu wakaacha kuchota. Niliwasikia wakisema nina kitu, kwamba mtu aliyekwisha kufa harudi bure bure, lazima aliyemrudisha awe na makubaliano na wanaojua. Kwenye jumuiya yetu ya kanisa, siku ya sala nyumbani kwa mama mmoja wa jirani, kiongozi wetu aliomba Mungu awaepushe wanawake na tabia ya kujitia uganga. Wote wakaitikia twakuomba utusikie. Nilikuwa nimekaa katikati yao. Nilinyanyuka nikatoka kabla ya chai.

Hayo yote ningeyabeba. Lakini mchoma mkaa alitoka hospitali, akarudi kwenye kilabu cha pombe alikokuwa mfalme wa utani, na huko wakamgeuzia utani wake. Walimwita bwana harusi. Walimwuliza midomo ya mama mchele ina ladha gani. Walimwuliza kama mkewe ameshakaribishwa kwenye ndoa ya pili iliyofungwa matopeni. Kwa mtu aliyezoea kuwacheka wengine, ile ilikuwa dhahama. Hakuweza kusema hakuzama, watu walimwona. Hakuweza kusema hakufa, walimwona pia. Akapata la kusema: kwamba alikuwa ameanza kuzinduka mwenyewe, na mimi nikamrukia nikamvunja mbavu.

Mbavu zilikuwa zimevunjika kweli. Na hapo ndipo sheria ilipoingia. Aliporudi hospitali kulalamikia maumivu, aliambiwa jeraha la namna ile lazima lipitie polisi, alete ile fomu tuliyoizoea kwa jina la PF3. Akaenda kituoni na kaka yake. Polisi aliyekuwa zamu akauliza swali lake la kawaida: nani amekuumiza? Kaka mtu hakufikiri hata kidogo. Alinitaja mimi.

Walikuja kunichukua sokoni, saa za watu wengi. Koplo mmoja mnene na mgambo. Nilimwomba koplo nifunge magunia.

"Hayo utayakuta," akasema.

"Nitayakuta vipi yakiwa wazi?"

"Mama, unaleta ubishi?"

Nilitembea mbele yao katikati ya soko, na wanawake niliowaazima mizani na vipimo miaka yote wakainamia bidhaa zao. Kituoni koplo alikaa, akavua kofia, akajifuta jasho la shingo.

"Wewe ni daktari?"

"Hapana."

"Nesi?"

"Hapana."

"Una cheti chochote?"

"Nina cha kidato cha nne."

Alicheka na mgambo akacheka. "Sasa mama, kidato cha nne ndiyo kimekutuma uvunje watu mbavu? Nani alikuagiza?"

"Hakuna aliyeniagiza. Mtu alikuwa anakufa."

"Wewe ulijuaje anakufa kama si daktari?"

Nililiangalia lile swali kutoka kila upande nikaona halina mlango. Ukisema ulijua, unajifanya daktari. Ukisema hukujua, ulimrukia mtu bila sababu. Nikamwambia koplo kwamba siku akizama yeye nitakaa kwenye nyasi nimsubiri daktari. Kwa jibu hilo nililala mahabusu. Alikuja kunitoa kaka yangu kutoka Sanje, aliyesikia habari kwa watu wa magari ya ndizi. Mume wangu hakuja. Alisema ana mpunga wa watu mashineni.

Kesi ilipelekwa mahakama ya mwanzo. Nilisomewa shitaka la shambulio la kudhuru mwili, na karani alilisoma kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya kanisani. Nikakana. Hakimu akaniambia nitafute mashahidi wangu.

Nikatafuta. Ukingo mzima ulikuwa umejaa watu siku ile, lakini nilipozunguka kuwauliza, hakuna aliyekuwepo. Mmoja alikuwa amefika nikiwa nimeshamaliza. Mwingine jua lilikuwa machoni. Wale wanaume wawili waliomtoa majini ndio niliowategemea, na mmoja wao nikaambiwa amekwenda Uchindile kwenye kazi za kupanda miti, hakuna ajuaye atarudi lini. Wa pili nilimkuta nyumbani kwake Kibaoni, anatengeneza jembe.

"Shemeji, wewe ulisema kwa mdomo wako ameshakwisha," nilimwambia. "Njoo uyaseme hayo tu."

Alilitazama jembe. "Mimi sikumaanisha amekufa. Nilimaanisha... hali yake ilikuwa imekwisha."

"Hali imekwisha maana yake nini?"

"Dada, mimi na yule bwana tunalima mpaka mmoja. Utaondoka wewe, nitabaki naye."

"Mimi naondoka kwenda wapi? Nakaa hapo nyuma ya nyumba yako."

Mke wake alitoka na ufagio akaanza kufagia karibu na miguu yangu, nikaelewa.

Siku ya kesi chumba kilijaa. Waliokuwa hawajaona kitu mtoni walikuja kuona mahakamani. Hakimu alikuwa mwanamume wa makamo mwenye miwani, na kila upande wake alikaa mshauri mmoja wa mahakama, wazee wawili, mmoja amevaa koti zito kwenye joto lile. Mchoma mkaa alisimama akashika mbavu muda wote, hata alipokuwa akitaja jina lake. Alieleza kwamba aliteleza, akanywa maji kidogo, akatolewa, na alipokuwa anajipumzisha afumbue macho, mshitakiwa akamrukia na kumkandamiza kwa nguvu kupita kiasi, akimfanyia vitendo vya aibu mbele ya familia yake.

Alisema anajipumzisha. Watu wengine walicheka, hakimu akagonga meza.

Mzee wa koti zito akaniuliza, "Mama, uliomba ruhusa?"

"Kwa nani, mzee?"

"Kwa mwenyewe. Au kwa mke wake."

"Mwenyewe alikuwa hapumui. Mke wake alikuwa anamfunika."

"Kwa hiyo hukuomba."

"Sikuomba."

Aliandika. Nilimwona akiandika kwa raha, na hapo nikajua kura yake imeshakwenda.

Kisha mchoma mkaa akamwita shahidi wake, mke wake. Alikuwa mwanamke mwembamba, mkimya, mwenye shingo ndefu. Tangu siku ya mto hakuwahi kunijibu salamu. Wiki ya kwanza alikuja mpaka mlangoni kwangu kuniambia mbele ya mama mkwe wangu kwamba nimempaka mumewe aibu na nikae mbali na nyumba yake. Aliapa kwa Biblia, akaulizwa na hakimu, akajibu kwa ufupi. Ndiyo, nilimkuta pale. Ndiyo, nilimsukuma. Ndiyo, nilimkandamiza mumewe, na mbavu zilivunjika, alisikia mlio. Yote yalikuwa kweli.

Hakimu akaniambia, "Mshitakiwa, una swali kwa shahidi?"

Sikuwa nimejiandaa. Mahakama ya mwanzo haina mawakili, unajiulizia mwenyewe. Nilisimama, tukatazamana.

"Nilipofika, ulikuwa umeshafika?"

"Nilikuwa nimefika."

"Nilikukuta unafanya nini?"

"Nalia."

"Ulikuwa unalia nini?"

Mume wake alikohoa, kikohozi cha kumkumbusha. Hakimu akamwambia shahidi ajibu.

"Nilikuwa nalia msiba," akasema.

"Msiba wa nani?"

"Wewe unajua wa nani."

"Waambie na hawa."

Niliona taya zake zikikaza. Sikuona huruma wala upande wowote wa kunipenda. Alikuwa na hasira, na hasira ile ilikuwa juu yangu.

"Wa mume wangu," akasema.

"Huyo aliyekaa hapo?"

"Ndiye huyo huyo. Mume nina mmoja."

Chumba kikavuma. Mchoma mkaa alinyanyuka nusu, kaka yake akamvuta shati. Hakimu aliinama mbele. "Shahidi, elewa unachosema. Unasema mlalamikaji alikuwa amekufa?"

"Mheshimiwa, mimi si daktari. Mimi nimezika baba, nimezika mama, nimezika mtoto. Niliwashika wote kwa mikono hii. Nilimshika na yeye. Alikuwa kama wao." Alininyooshea kidole bila kunitazama. "Huyu mwanamke simpendi, na sitampenda. Alinisukuma kwenye matope kama mbwa. Lakini nimeapa. Alikuta maiti."

Sikuuliza tena. Nilikaa chini.

Hukumu ilitolewa alasiri ile ile. Mzee wa koti zito alishikilia kwamba sikuomba ruhusa na mtu ameumia, kwa hiyo nina hatia. Mzee wa pili akaona sina. Hakimu akaungana na wa pili, nikaachiwa. Lakini kabla hajafunga faili lake alivua miwani.

"Mahakama inakuonya, mshitakiwa. Siku nyingine mambo kama haya uwaachie wanaohusika."

"Wanaohusika ni akina nani, mheshimiwa?"

"Umeachiwa huru. Usitafute jingine."

Nje, yule mwanamke alikuwa ameshuka ngazi mbele yangu. Mume wake na kaka mtu walikuwa wameshaondoka, hawakumngoja. Nilimfikia langoni, sijui nilitaka kusema nini.

"Usinishukuru," akasema kabla sijafungua mdomo. "Sikukusemea wewe."

"Sijakushukuru."

"Basi."

Akafunga kanga yake vizuri kiunoni akaenda njia yake. Alikuwa anarudi kwenye nyumba ile, kwa mwanamume yule, baada ya maneno yale. Baadaye nilisikia kwamba walikaa muda mrefu bila kusemeshana, na kwamba yeye ndiye aliyemwosha na kumgeuza kitandani mbavu zilipokuwa zikiunga. Hatukuwahi kuwa marafiki. Alifariki miaka mingi baadaye kwa ugonjwa, na nilikwenda msibani nikakaa nyuma.

Siku ile nilirudi ndani ya jengo la mahakama kumtafuta karani. Kuna kitu kilikuwa kinanikereketa. Nilimkuta anafunga madirisha.

"Mwanangu, nikuulize kitu. Ipo sheria inayomlinda mtu aliyesaidia mwenzake njiani? Aliyemkuta amezama, amegongwa, anatoka damu?"

Alifikiri, si kwa dharau, alifikiri kweli. "Mama, ya kukushitaki ipo, nimeisoma asubuhi. Ya kukukinga sijakutana nayo. Labda iko Dar es Salaam, kwenye vitabu vikubwa. Kwenye kabati letu hili haipo."

"Kwa hiyo leo nimepona kwa nini?"

"Kwa yule mama," akasema, akafunga dirisha la mwisho.

Jibu hilo lilinikasirisha kuliko maneno ya hakimu. Angeapishwa shahidi mwongo, au shahidi mwoga kama shemeji wa jembe, ningekwenda jela kwa kumpa mtu pumzi. Mtu mzima, mama wa watoto wawili, maisha yake yanategemea kama mwanamke mwingine anamwogopa Mungu zaidi ya mumewe siku ile. Nilitembea mpaka nyumbani nikisema peke yangu barabarani, na waliosema nina kitu wakapata ushahidi.

Mume wangu alikuwa amekaa kibarazani. "Nasikia umeshinda," akasema.

"Ulisikia wapi? Hukuwepo."

"Watu wamepita wamesema."

Sikupika siku ile. Watoto walikula kwa bibi yao, ambaye alikishusha kikombe changu kutoka juu ya kabati akakichanganya na vingine. Mume wangu alirudi chumbani baada ya vipimo, ambavyo nilikwenda kuvifanya kwa sababu zangu, si zake. Tumeishi pamoja mpaka leo. Kuna mambo amenitendea mema. Lakini kile kiti kilichokuwa kitupu mahakamani sijawahi kukijaza moyoni, na yeye anajua, na hatulizungumzii hilo.

Kiangazi kilichofuata nilikuwa uani napepeta mchele. Jirani yangu, yule ambaye sala zilifanyika kwake, alikuwa ameacha kupitia kwangu tangu mambo ya mto. Hata akienda kuteka maji alikuwa akizunguka njia ya mbali ili asikutane nami. Ghafla nikamwona anakuja anakimbia, amembeba mwanawe mdogo wa kike. Mtoto alikuwa amekabwa na kipande cha muwa. Uso ulikuwa umebadilika rangi, mikono imetanuka, sauti haitoki. Mama alisimama mbele yangu, ananinyooshea mtoto, lakini maneno hayamtoki.

Nilikuwa nimeshamchukua. Nilimlaza kifudifudi pajani, kichwa chini, nikampiga mgongoni kwa kisigino cha kiganja. Na huku nampiga nikamfokea mama yake.

"Sema umeniita!"

"Mama, mtoto..."

"Sema kwa sauti! Sema umeniita wewe!"

"Nimekuita!" akapiga kelele. "Nimekuita mimi! Nimekuita!"

Nikapiga tena. Watu walikuwa wameanza kuchungulia juu ya ua wa matete, na mimi nikawaita kwa majina yao mmoja mmoja, wewe na wewe na wewe, mmesikia? Nikapiga. Kipande cha muwa kikaruka kikaangukia ungo wangu wa mchele, na mtoto akavuta hewa akalia kilio kizuri kuliko nyimbo zote za jumuiya. Mama yake akamnyakua, akamkumbatia, akaondoka naye mbio bila kusema asante. Baada ya siku kadhaa alileta ndizi kwa mkono wa mtu mwingine. Nilizipokea, nikazila.

Mume wangu alikuwa ametoka mlangoni wakati wa kelele zile. Alisimama akiutazama ua na vichwa vya watu vilivyokuwa vikitawanyika.

"Wewe mwanamke," akasema, "yaani hujifunzi?"

"Nimejifunza," nikamjibu. "Umeona nilivyowaita kwa majina?"

Akatikisa kichwa akarudi ndani. Nilikitoa kile kipande cha muwa kwenye ungo, nikakitupa, kuku wakakigombania, nikaendelea kupepeta.